Futi yangu ya cherehani na kinundu cha mwanangu

Desemba huwa silali. Wazazi wanaleta vitambaa vya sare wote kwa pamoja na wote wanataka kabla shule hazijafunguliwa. Desemba ya 2021 nilikuwa nashona pia za mwanangu mwenyewe, miaka 13, anaingia kidato cha kwanza. Kama kawaida ya mafundi, wa nyumbani nikampima mwisho.

Nilipozungusha futi juu kidogo ya goti la kushoto, kidole changu kikagota kitu upande wa ndani. Nikabonyeza. Hakikubonyea, hakikusogea, wala hakikuwa na joto. Kigumu kama kokwa la embe, kimefunikwa na nyama.

"Kinauma?"

"Hapana, mama. Kipo siku nyingi."

Kipo siku nyingi, na mimi mama yake ndiyo kwanza nakigusa! Nikapima mguu wa kulia pahali pale pale. Wa kushoto ulizidi kwa sentimita 2. Nikaandika kwenye daftari la oda, na tarehe, bila kujua nitaifanyia nini ile namba.

Wiki zilizofuata sizisimulii kwa raha. Zahanati ya kwanza walisema ni jipu la ndani, tukapewa vidonge vya siku saba. Kinundu kikabaki vile vile. Jirani akanivuta pembeni, akanong'ona neno saratani, na kuanzia hapo chakula kikanishinda. Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu sana, akasema mfupa umeteguka, mtoto apelekwe akachuliwe. Nikampeleka. Mchuaji alikandamiza kwa kidole gumba na mafuta ya moto hadi mtoto akapiga kelele, na goti likavimba siku nne akawa anachechemea. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu nilikuwa nimekaa pale pale namshika mkono, namwambia avumilie.

Februari tukafika kwa daktari wa mifupa. Kabla hajagusa mguu aliuliza maswali. Maumivu yanamwamsha usiku? Homa? Amepungua? Kinundu kimekua ghafla ndani ya wiki chache? Yote hapana. Hapo ndipo nilipotoa daftari. Alisoma vipimo vyangu vitatu, akaniuliza napimia wapi hasa. Nikamwonyesha: sentimita 6 juu ya ukingo wa juu wa kifuniko cha goti, miguu yote miwili, amenyoosha. Akasema niendelee hivyo hivyo, maana mtoto anakua na miguu inanenepa yote, kwa hiyo cha kutazama ni tofauti kati ya mguu na mguu.

Kisha akamvua shati. Nilishangaa, ugonjwa uko gotini. Akapapasa mbavu, mabega, viwiko, viganja, vifundo vya miguu. Akauliza kama baba yake au mimi tuna vinundu vya namna hiyo, kwa sababu ipo aina ya kurithi ambayo huota kwenye mifupa mingi, na mzazi mwenye nayo, kila mtoto anayemzaa ana nafasi ya asilimia 50 ya kuipata. Kwa mwanangu kilikuwa hicho kimoja tu. Usiku ule niliwapapasa wadogo zake wawili wakiwa wamelala, mfupa kwa mfupa.

Eksirei ilipigwa mara mbili, kwa mbele na kwa ubavuni. Daktari akaibandika kwenye kioo chenye taa, akaniambia, "Mama, sogea uone mwenyewe." Nilitarajia kuona doa, kitu kilichooza. Nikaona tawi. Ule mfupa wa paja ulikuwa umechipua tawi fupi karibu na goti, limeinamia juu, limelipa goti kisogo. Akapitisha kalamu kwenye ule mstari mweupe wa nje wa mfupa: ulipanda na tawi lile bila kukatika popote. Na ndani, pale penye uboho, hapakuwa na ukuta kati ya mfupa na kinundu. Ni chumba kimoja. Akasema hiyo ndiyo alama yake, na picha ikiwa wazi kiasi hicho hakuna haja ya kukata kinyama cha kupima. Jina lake ni osteokondroma. Siyo saratani.

Nililia, lakini swali langu la ufundi lilikuwa bado lipo. Kwenye picha tawi lilionekana dogo kuliko ninavyolipima kwa mkono. Kwa nini? Akafurahi nilipouliza. Juu ya tawi kuna kofia ya gegedu, ile nyama ngumu inayopindika kama ya sikio, na gegedu haionekani kwenye eksirei ya kawaida. Mkono unaishika, picha inaikosa. Kofia hiyo ndiyo inayokuza kinundu, kwa namna ile ile mifupa ya mtoto inavyorefuka kutoka kwenye gegedu la karibu na ncha zake. Mtoto akimaliza kurefuka, nacho husimama.

Basi kwa nini wasikiondoe siku hiyo hiyo? Kwa sababu kilikuwa karibu mno na sehemu ambayo mguu unarefukia, na kisu kikikosea hapo mguu unaweza kupinda au kubaki mfupi. Tena kipande cha kofia kikibaki, kinaota upya. Upasuaji ungekuja kama kingebana mshipa wa damu au wa fahamu, au kingemzuia kukunja goti, au kingeuma. Kuhusu kugeuka saratani, kwa mwenye kinundu kimoja ni karibu asilimia 1, na mara nyingi ni ukubwani. Kinundu kinachoanza kukua tena au kuuma bila kuumia, wakati mwili umeshaacha kukua, hicho nisikilaze nyumbani hata wiki.

Tukawa tunarudi kila baada ya miezi 6, mimi na daftari langu. Tofauti ilifika sentimita 2.5, mwaka 2023 ikawa 3. Alipigwa teke la mpira hapo mara moja, akaumwa siku kadhaa. Tulikimbilia hospitali, picha ikaonyesha tawi halijavunjika. Mpira anacheza, ila anavaa kinga ya sponji niliyomshonea. Kuchuliwa, hapana, na mama mkwe mwenyewe sasa ndiye anayewakataza wengine.

Tangu 2023 namba haijabadilika, ingawa yeye amenipita kwa kimo. Juzi nimemkatia suruali za kidato cha nne. Upande wa ndani wa goti la kushoto nimeacha nafasi ya sentimita 3, nikapima tena kabla sijashona.