Mashine iliyokaa kabatini miezi mitano: uzoefu wangu wa kuweka na kusajili defibrileta

Mashine ya kushtua moyo tuliyopewa kama msaada ilikaa katika kabati la ofisi yangu miezi mitano, ikiwa bado ndani ya boksi lake, na ufunguo wa kabati hilo nilikuwa nao mimi. Wakati huo nilikuwa katibu wa kamati inayosimamia ukumbi wa mikutano na michezo unaotumiwa na umma. Kilichotuchelewesha hakikuwa uvivu, wala hatukukosa fundi wa kupigilia misumari ukutani. Kilikuwa ni swali aliloliuliza mjumbe mmoja siku boksi lilipofunguliwa: "Katibu, mtu asiye daktari akiitumia hii na mgonjwa akafia mikononi mwake, atakayepelekwa mahakamani ni nani?" Hakuna aliyekuwa na jibu, nami nikaagizwa nilitafute.

Kwa asiyeifahamu, defibrileta ya aina hii humwelekeza mtumiaji kwa sauti. Ukiiwasha inakuambia ubandike pedi mbili, yaani vibandiko vya kupitishia umeme, kwenye kifua kitupu cha mgonjwa, inapima mwenendo wa umeme wa moyo, na haitoi shoti mpaka ione mtetemo ambao shoti inaweza kuutuliza. Mara nyingi moyo unaosimama ghafla huanza kwa kutetemeka ovyo bila kusukuma damu, na shoti huukatiza mtetemo huo ili moyo upate nafasi ya kurudia mapigo yake. Kila dakika inayopita bila mtu kushindilia kifua na bila shoti, nafasi ya mgonjwa kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Nilipoisoma hesabu hiyo nilielewa kwamba sheria yoyote ya mashine hizi, hata ikiandikwa kwa lugha ya wanasheria, kwa hakika ni sheria ya dakika.

Mahali petu hapakuwa na sheria iliyotulazimisha kuweka mashine, wala iliyotukataza, kwa hiyo nilianza kusoma waliyoyatunga wenzetu. Wiki ya kwanza nilichanganyikiwa sana, kwa sababu sheria zote huitwa za defibrileta ilhali hujibu maswali tofauti kabisa: nani anaruhusiwa kuitumia, nani analazimika kuiweka, nani anawajibika likitokea la kutokea, na nani anapaswa kuarifiwa kwamba mashine ipo. Ufaransa ni mfano mzuri wa maswali hayo kujibiwa kwa nyakati tofauti. Amri ya Mei 2007 ilimruhusu mtu yeyote, hata asiye daktari, kuitumia mashine hiyo. Lakini wajibu wa kuiweka katika majengo yanayopokea umma ulikuja kwa sheria ya Juni 2018 na amri ya Desemba mwaka huohuo, iliyoanza na majengo ya zaidi ya watu 300 kuanzia tarehe 1 Januari 2020, kisha ikateremka kwa madogo zaidi mwaka 2021, na kwa baadhi ya yale madogo kabisa, kama vile makao ya wazee na kumbi za michezo, mwaka 2022. Yaani kwa zaidi ya miaka 12 raia alikuwa na ruhusa ya kutumia kitu ambacho mwenye jengo hakulazimika kuwa nacho.

Jibu la mjumbe wetu nililipata katika sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 2000, nami nakiri kwamba lilinishangaza. Sheria ile inamkinga dhidi ya madai mtu anayeitumia mashine kwa nia njema katika dharura, na inamkinga pia aliyeinunua na kuiweka. Lakini huyu wa pili anaupoteza ulinzi huo ikiwa madhara yalitokana na yeye kutowaarifu wahudumu wa dharura wa eneo lake, katika muda unaofaa, kwamba mashine imewekwa mahali fulani, au kutoitunza na kuijaribu ipasavyo, au kutowafundisha wafanyakazi wake ambao ingetarajiwa waitumie. Nilirudi kwenye kikao nikawasomea kifungu hicho mara mbili. Sheria ya Marekani haikutufunga wala kutukinga sisi, na mwanasheria aliyetusaidia alituagiza tuandikiane barua na kampuni yetu ya bima kwanza, jambo ambalo tulilifanya. Lakini mantiki yake ilikigeuza kikao chetu. Tulikuwa tumeogopa mashine kutumiwa, kumbe cha kuogopwa kilikuwa kukaa nayo kimya, kama nilivyokaa nayo mimi kwa miezi mitano.

Baada ya hapo ubishi ulihamia kwenye mahali pa kuiweka. Wajumbe wengi walitaka ibaki ofisini kwangu, ili iwe salama, nami sikuwa na hoja ya kuwapinga mpaka nilipokutana na utafiti wa Copenhagen, Denmark, uliochapishwa mwaka 2013, ambao ulionyesha kwamba, kwa sababu mashine nyingi zilikuwa ndani ya majengo yanayofungwa, idadi ya watu walioanguka karibu na mashine inayofikika ilipungua kwa zaidi ya nusu nyakati za jioni, usiku na mwisho wa wiki. Badala ya kuendelea kubishana tulifanya jaribio. Kijana mmoja wa mpira wa kikapu alilala katikati ya uwanja, nami nikamwambia mwenzake, "Mwenzako ameanguka, leta mashine," nikabonyeza saa. Alikimbia mpaka ofisini akakuta mlango umefungwa, akakimbilia kwa mlinzi, mlinzi akatoa shada la funguo lenye funguo zisizopungua ishirini na kuanza kuzijaribu moja baada ya nyingine, huku kijana akimwambia, "Mzee, harakisha, mtu anakufa," na mzee akimjibu kwamba ufunguo wa katibu hauna alama. Zilipita dakika 4 na sekunde 40. Ubishi uliishia hapo.

Tulichagua ukuta wa korido iliyo kati ya uwanja na mlango wa pembeni, ambako kwenda na kurudi kulichukua dakika 1 na sekunde 15 kwa mwendo wa haraka bila kukimbia. Ukuta wa nje tuliukataa kwa sababu ya jua la alasiri, maana mtengenezaji wa mashine yetu anataka isizidi nyuzi 50 za joto. Kuhusu kufuli, tuliamua kisanduku kisiwe nalo, bali kiwe na king'ora kinacholia kikifunguliwa; mweka hazina alinuna, akisema tumemwekea mwizi meza, na sikumlaumu, kwani ndiye angeulizwa. Alama tulizotundika ni zile za kijani zenye moyo mweupe na mshale wa radi ndani yake, zilizopendekezwa kimataifa mwaka 2008, moja juu ya kisanduku na nyingine katika kila mlango wa kuingilia.

Nilidhani kazi imekwisha, na usajili ungekuwa suala la kujaza fomu. Kituo cha simu za dharura cha eneo letu kilikuwa na rejista ya hiari ya mashine za umma, nami niliijaza fomu yake kwa dakika kumi: jina la jengo, anwani, aina ya mashine, namba yake ya utambulisho, tarehe za kuisha kwa pedi na betri, na simu ya mwangalizi. Siku mbili baadaye alinipigia mama mmoja anayeshughulikia rejista hiyo.

"Ndugu katibu, umeandika lango kuu. Saa tatu usiku lango kuu huwa wazi?"

"Hapana, mama, linafungwa saa mbili. Watu wa mazoezi hutumia mlango wa pembeni."

"Basi mtu niliye naye kwenye simu saa tatu usiku, mikono inamtetemeka, nimwambie aingilie wapi?"

Nilitoka na simu mkononi, nikasimama kwenye mlango wa pembeni nikasoma majira ya nukta (namba za ramani) ya mahali pale, nikarudi ndani nikihesabu hatua. Maelezo tuliyoyaandika naye upya yalisomeka hivi: mlango wa chuma wa buluu, upande wa kulia wa jengo, uko wazi hadi saa nne usiku, ingia, tembea hatua 12, kisanduku kiko kushoto, usawa wa kifua. Aliniomba pia namba ya simu ya mtu wa pili, kwa kuwa, alisema, waangalizi nao husafiri na kuugua. Nimejaza fomu nyingi maishani, lakini ile ni ya kwanza ambayo mpokeaji wake alionekana kuisoma akijiweka katika viatu vya mtu anayekimbia.

Tangu siku ile nimezisoma sheria za usajili kwa jicho jingine. Sheria ya Italia Na. 116 ya mwaka 2021 inataka mashine zisajiliwe kwa huduma ya dharura ya namba ya simu 118, ili anayepokea simu aweze kumwelekeza mpigaji kwenye mashine iliyo karibu. Ufaransa ina rejista moja ya taifa, ambayo wenye mashine wanalazimika kuipelekea taarifa, na inataka kibandiko kinachoonyesha tarehe za matengenezo na za kubadilisha pedi na betri, ambacho tulikiiga. Huko Uingereza hakuna sheria ya jumla inayomlazimisha mwenye jengo kuweka mashine, lakini upo mtandao wa usajili uitwao The Circuit, uliounganishwa na huduma za magari ya wagonjwa, ambamo kila mashine huwa na mlezi wake anayekumbushwa kuikagua. Kama ningeulizwa na mtunga sheria aanze na lipi, ningemwambia aanze na usajili na aliache suala la kulazimisha majengo baadaye, kwa sababu mashine kumi zinazojulikana na anayepokea simu zina faida kuliko mia zilizotundikwa kwa kuogopa faini. Najua wapo watakaonipinga, hasa wale ambao katika maeneo yao hakuna hata mashine moja ya kusajili.

Mafunzo hayakutusumbua. Wafanyakazi na makocha walifundishwa alasiri moja kushindilia kifua na kubandika pedi, na tangazo juu ya kisanduku linasema wazi kwamba asiyefundishwa naye anaruhusiwa.

Kilichotusumbua ni utunzaji, na kosa lilikuwa langu. Mashine hujipima yenyewe na kuonyesha taa ya kijani ikiwa nzima, au nyekundu ikiwa ina hitilafu. Nilimtengenezea mlinzi daftari la ukaguzi wa kila siku, na mwezi wa nane nikapita koridoni kwa shughuli nyingine nikaiona taa nyekundu inawaka. Nilifungua daftari nikiwa nimeshakasirika. Kila siku palikuwa na alama ya vema na saini yake, hata asubuhi ile. Nilimwita, naye akanionyesha kwa kidole maneno niliyoyaandika mwenyewe juu ya safu: "Je, mashine ipo?" Mashine ilikuwapo. Mzee alikuwa ameweka vema kwa haki kabisa, na betri ilikuwa imechoka kwa siku nisizoweza kuzijua. Siku hiyohiyo niliuchapa upya ukurasa wa daftari, na safu sasa inauliza, "Taa ina rangi gani?" Hakuna tena alama ya vema, anaandika "kijani" kwa mkono wake.

Mashine ilitumika mara moja tu katika kipindi changu. Jioni moja mtazamaji alianguka jukwaani, watu wakapiga simu ya dharura huku kocha akishindilia kifua, na msichana ambaye hakuwahi kuhudhuria mafunzo yetu aliifuata mashine kwa maelekezo ya aliyekuwa kwenye simu, ambaye alimtajia mlango wa buluu. Pedi zilibandikwa, mashine ikapima, ikasema shoti haihitajiki. Mtu yule alizinduka kabla gari la wagonjwa halijafika. Wapo waliosema mashine haikufanya kazi. Niliwaeleza kwamba kukataa kumpiga shoti mtu asiyeihitaji ndiyo sehemu kubwa ya kazi yake, na ndiyo sababu sheria za nchi nyingi zimethubutu kuiacha mikononi mwa watu wa kawaida.

Kesho yake asubuhi mama wa rejista alinipigia kabla mimi sijampigia.

"Mashine yako ilitumika jana. Iko tayari?"

"Nimeirudisha ukutani, mama."

"Sikuuliza iko wapi, ndugu katibu. Nimeuliza kama iko tayari."

Pedi zikishabandikwa hazirudiwi, na sisi hatukuwa na za akiba. Nilimweleza hivyo, naye akasema anaiondoa kwenye orodha ya zinazofanya kazi mpaka nimpe taarifa, nami nikabandika karatasi juu ya kisanduku inayosema mashine haitumiki kwa sasa na ya jirani ipo wapi. Pedi zilifika siku ya sita, pakiti mbili safari hii. Niliunganisha pakiti moja kwenye mashine, nikasubiri taa iwe ya kijani, nikampigia. Aliniuliza tarehe ya kuisha kwake, nikamsomea, nikamsikia akiiandika.