Kutoka Vesterbro hadi Hiddensee: safari ya kumfuata Asta Nielsen

Asta Nielsen alizaliwa mwaka 1881 katika mtaa wa Vesterbro, Copenhagen, wakati mtaa huo ulipokuwa wa makabwela. Baba yake alikuwa mhunzi aliyekosa kazi mara kwa mara, na mama yake alifua nguo za watu. Nilianzia hapo kwa makusudi. Mimi hufundisha uigizaji wa jukwaani, na kwa muda mrefu nimetaka kuelewa jinsi mwanamke ambaye jukwaa halikumthamini alivyokuja kuwa mmoja wa nyota wa kwanza wa sinema duniani.

Mtaa wenyewe leo una migahawa mingi na baiskeli nyingi zaidi, na sikuona ndani yake dalili ya ufukara ule. Lakini mwendo mfupi kutoka barabara ya Vesterbrogade lipo jumba la maonyesho la Det Ny Teater, nami nilisimama mbele yake kwa muda mrefu. Asta alisomea uigizaji katika Jumba la Kifalme la Maonyesho, akamaliza mwaka 1902 akiwa tayari ana binti mdogo aliyemlea bila ndoa, kisha akazunguka na vikundi vya maonyesho hadi Norway na Sweden. Kufikia wakati alipofanya kazi katika Det Ny Teater alikuwa bado anapewa nafasi ndogo. Humo ndimo alimokuwa Urban Gad, mchoraji wa mandhari ya jukwaani, na wawili hao walikubaliana kutengeneza filamu kwa matumaini kwamba wakuu wa majumba ya maonyesho wangeiona na hatimaye kumpa nafasi anazostahili.

Filamu hiyo, Afgrunden, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Septemba 1910. Inamhusu mwalimu wa piano anayemwacha mchumba wake mhandisi na kumfuata msanii wa sarakasi. Ndani yake kuna ngoma ambayo Asta anaicheza akiwa amemfunga mwanamume huyo kwa kamba, na ambayo wadhibiti wa filamu katika baadhi ya nchi waliikata. Watu wengi huikumbuka ngoma hiyo peke yake. Mimi huvutiwa zaidi na sehemu ya mwisho, pale anapoongozwa na polisi baada ya kumuua mpenzi wake: hapigi kifua, harushi mikono, anatembea tu kama mtu ambaye roho yake imekwisha kuondoka. Jukwaani mwigizaji hulazimika kukuza kila kitu ili aliyekaa nyuma kabisa aone. Asta alitambua kwamba kamera imekaa karibu naye, na kwamba kope ikishuka polepole inatosha.

Kutoka Copenhagen nilipanda treni hadi Ujerumani, njia aliyoifuata yeye mwaka 1911 baada ya kupata mkataba huko. Nilishuka Babelsberg, karibu na Berlin. Hapo ndipo kampuni ya Bioscop ilipojenga studio yenye kuta na paa la kioo ili kunasa mwanga wa jua, na filamu ya kwanza kupigwa ndani yake, mwanzoni mwa mwaka 1912, ilikuwa Der Totentanz, akiigiza Asta na kuongoza Gad. Mkanda wa filamu wa wakati ule haukuhisi rangi nyekundu, hivyo midomo iliyopakwa rangi hiyo ilitokea myeusi. Uso wake mweupe wenye macho makubwa meusi ulifaa mkanda huo kuliko uso wa mrembo yeyote wa jukwaani. Katika filamu zaidi ya 70 alizocheza, ni nne tu zilizotengenezwa Denmark.

Mwaka 1921, kwa kampuni yake mwenyewe, alitoa filamu ya Hamlet, hadithi ijulikanayo kwa tamthilia ya Shakespeare, ila humu mwana wa mfalme wa Denmark ni binti aliyelelewa kama mvulana ili ufalme usipotee. Nathubutu kusema kwamba hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, kwa sababu siri ya mwili anaibeba kwa mabega na mwendo, bila kuhitaji neno.

Kutoka Berlin nilikwenda Stralsund, na hapo nikapanda meli ya abiria kwenda kisiwa cha Hiddensee katika Bahari ya Baltiki. Kisiwa ni chembamba, chenye urefu wa kilomita 17 hivi, na magari ya watu binafsi hayaruhusiwi. Mizigo na wageni hubebwa kwa magari ya farasi au baiskeli. Upepo wa bahari haukukoma, na mwanga ni mkali na mweupe. Katika kijiji cha Vitte ipo nyumba yake, Karusel, iliyosanifiwa na Max Taut miaka ya mwanzo ya 1920 ikiwa na kuta za mviringo. Asta aliinunua mwishoni mwa muongo huo, akawakaribisha humo wasanii wenzake, miongoni mwao mshairi Joachim Ringelnatz. Sasa ni makumbusho.

Wakati huo sinema ilikuwa imeanza kusema. Alicheza filamu moja tu yenye sauti, mwaka 1932, akarudia jukwaa. Utawala wa Nazi ulipotaka kumtumia alikataa, akarejea Denmark miaka hiyo ya 1930. Wakati wa vita alimpa Allan Hagedorff, kijana wa Kidenmark aliyekuwa Ujerumani, fedha za kuwapelekea Wayahudi vifurushi vya chakula. Mmoja wa waliosaidiwa alikuwa msomi Victor Klemperer wa Dresden.

Inaniuma kwamba nchi yake haikumtumia tena ipasavyo. Aliandika kumbukumbu zake, akatengeneza picha za vipande vya vitambaa, na mwaka 1968, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, aliongoza mwenyewe filamu fupi kuhusu maisha yake, kwa kuwa hakuridhika na namna mwingine alivyotaka kuyasimulia. Alifariki Mei 1972.