Jagari Alipofika Kirumba

Ijumaa ya tarehe 2 Juni 2023 nilifunga duka kabla ya saa kumi jioni. Wateja wa madaftari wangenisubiri mpaka kesho yake. Asubuhi nilikuwa nimenunua bando la kutosha, nikaipakua albamu nzima kwenye simu, kisha nikaiacha bila kuigusa, kwa sababu niliona si haki niisikilize kabla ya Baba Mkubwa. WITCH walikuwa wamerudi. Albamu yao ya mwisho, Kuomboka, ilitoka mwaka 1984. Hii mpya, Zango, tuliingoja miaka 39.

Kwa wasiowajua, WITCH ni bendi ya Zambia, vijana wa Kitwe, kule kwenye migodi ya shaba. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 70. Waliichukua roki nzito ya Uingereza na Marekani, wakaichanganya na midundo ya kwao: gitaa linalonguruma kwa fazi, yaani mlio uliokwaruzwa kwa makusudi, besi inayojitembelea njia yake, wimbo unaogeuka katikati ukawa wimbo mwingine. Muziki wa namna hiyo ukaja kuitwa Zamrock. Rais Kenneth Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia, na vijana wakaitikia kwa magitaa ya umeme. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, alipewa jina la Jagari kwa ajili ya Mick Jagger wa Rolling Stones. Pamoja naye walikuwapo Chris Mbewe kwenye gitaa la solo, John Muma kwenye rithimu, Gedeon Mulenga kwenye besi na Boidi Sinkala kwenye ngoma. Majina hayo niliyajua kabla sijajua majina ya mawaziri wa nchi yangu. Kwetu yalitajwa kama majina ya wajomba walioko mbali.

Sababu ni Baba Mkubwa. Alizaliwa Magu, na katikati ya miaka ya 70 alikuwa fundi kijana wa TAZARA. Reli ile ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikuwa mpya kabisa, na yeye alipangiwa karakana ya Mpika, upande wa Zambia. Huko alijifunza injini za dizeli, akajifunza Kibemba cha kumtosha kununua mboga na kutongoza, na likizo moja rafiki yake wa karakana akamchukua kwenda kwao Kitwe. Ndiko alikowaona WITCH jukwaani. Kila alipotusimulia alianza na jasho la Jagari, jinsi lilivyowarukia watu wa mbele, na alimaliza na jinsi walivyopiga mpaka wengine wakaanza kusinzia wamesimama, na hakuna aliyekubali kwenda nyumbani.

Aliporudi Mwanza alileta santuri ya Lazy Bones!!, ile ya mwaka 1975, akampa mdogo wake, yaani baba yangu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mpiga gitaa wa kwaya. Mama anasema santuri ile ilipigwa nyumbani kwetu Mabatini mpaka majirani wakajua mahali inapokwaruza. Baba alifariki mwaka 1993. Redio ya santuri iliuzwa kulipia mahitaji ya msiba, santuri yenyewe ikabaki, na mimi nikakua nikiwa na muziki wa kushika mkononi tu. Kuusikia niliusikia ukubwani, baada ya Now-Again, kampuni ya Marekani, kuzitoa upya rekodi za WITCH. Nakumbuka nilivyokaa kitandani na spika za masikioni, nikimsikiliza mtu ambaye baba alimsikiliza. Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia kila habari ya bendi hii, ile filamu ya mwaka 2019 kuhusu maisha ya Jagari, ziara zao za Ulaya na Marekani, na tetesi za albamu mpya.

Basi Ijumaa ile nikapanda daladala mpaka Kirumba, nikakwea Kitangiri kwa miguu. Nyumba ya Baba Mkubwa iko juu, kati ya mawe makubwa, na ukikaa kibarazani unaliona ziwa lote hadi mwaloni. Alipostaafu reli alifungua karakana ya mashine za boti pale chini, na mpaka leo wavuvi wa dagaa humletea injini zilizokufa. Nilimkuta ananawa mikono kwa petroli na sabuni ya unga.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mama." Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la bibi. "Mbona mapema? Duka limeungua?"

"WITCH wametoa albamu mpya."

Akaendelea kunawa. "WITCH gani?"

"Wa Jagari."

"Jagari yupo?"

"Yupo. Ameshapita sabini."

"Mbewe?"

"Hayupo."

"Muma?"

"Hayupo, Baba Mkubwa."

Akamtaja Mulenga, akamtaja Sinkala, taratibu, kwa mpangilio ule aliotufundisha utotoni, kutoka mbele ya jukwaa kwenda nyuma. Nikamjibu vilevile. Akafuta mikono, akaketi kwenye stuli yake. "Sasa waliorudi ni akina nani?"

Nilimweleza. Kinanda anapiga Patrick Mwondela, aliyeingia WITCH miaka ya baadaye, Jagari akiwa ameshaondoka. Besi ni Jacco Gardner na ngoma ni Nico Mauskoviç, wote wawili Waholanzi, vijana waliozaliwa wakati bendi imeshanyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: "Bendi si jina, mama. Jina unaweza kulipaka kwenye boti yoyote."

Sikubishana naye, maana nilijua anasema kwa uchungu, na uchungu wenyewe niliujua unakotoka. Zamrock haikufa kwa kukosa nyimbo. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 70 na mifuko ya watu ikakauka. Vita vya ukombozi vya Rhodesia vikavuka mpaka, miji ikazimwa taa, watu wakazuiwa kutoka usiku, na maonyesho yakahamishiwa mchana. Halafu ukaja UKIMWI. Uliondoka na wanamuziki wengi wa kizazi kile cha Zambia, vijana waliokuwa bado na nguvu za kupiga, na katika wale watano wa mwanzo wa WITCH, Jagari peke yake ndiye aliyebaki.

Sisi wa kando ya ziwa hatuhitaji kuelezwa maana yake. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya maji haya haya anayoyatazama Baba Mkubwa kila jioni. Miaka iliyofuata kila ukoo ulikuwa na msiba, kila msiba ulikuwa na jina la kuficha: kifua, homa ya matumbo, kurogwa. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004. Hesabu mwenyewe ni wangapi walikuwa wameshakwenda. Kwetu tuliambiwa baba alikufa kwa kifua. Mama aliniambia ukweli nilipomaliza sekondari, na tukakubaliana bila kusema kwamba mbele ya wazee ni kifua.

Jioni ile, kabla sijabonyeza chochote, Baba Mkubwa alisema, "Unajua kilichowamaliza wale watoto?"

"Najua."

"Na baba yako aliondoka na huohuo."

"Najua, Baba Mkubwa."

"Nani amekwambia?"

"Mama."

Akatikisa kichwa mara nyingi. "Amefanya vizuri," akasema. Ikawa imetoka. Miaka yote hiyo tulikuwa tumekalia neno moja, kila mtu akidhani anamlinda mwenzake. Sitaki kusema muziki ndio uliolitoa, lakini sijui lingetokaje kama nisingekuja na majina ya marehemu wanne kibarazani kwake.

Nikaiegemeza spika yangu ndogo kwenye jiwe ili mlio usipotee, nikaanza na "Waile", wimbo waliotangulia kuutoa kabla ya albamu. Baba Mkubwa aliinamisha kichwa kwa namna anavyosikiliza mashine iliyoletwa na malalamiko. Gitaa lilipoingia aliinua kidole. Sauti ya Jagari ilipoingia alikishusha.

Sauti imebadilika. Kwenye Lazy Bones!! ni kijana anayejua kwamba wasichana wanamtazama. Kwenye Zango ni mzee, sauti imeshuka na imeota magamba, na mahali pengine anaongea zaidi kuliko kuimba. Nilimtazama Baba Mkubwa usoni, maana yeye mwenyewe aliacha kwaya alipoona sauti yake haifiki tena pale ilipokuwa ikifika, na hakuna aliyeweza kumrudisha.

"Amezeeka," akasema.

"Ndiyo."

"Vizuri. Angeimba kama wa Kitwe ile siku, ningesema ananidanganya."

Hapo ndipo nami nilipoelewa kwa nini naipenda albamu hii. Nimewahi kusikia bendi zilizorudi baada ya miaka mingi zikajipodoa, zikapiga nyimbo zilezile kwa spidi ileile, na mashabiki wakalipa ili wadanganywe kwamba hakuna aliyekufa. Zango haifanyi hivyo. Ilirekodiwa Lusaka, katika studio za DB, fazi ya zamani ipo na inanguruma kama inavyopaswa, lakini Mbewe hakutafutiwa mtu wa kumwigiza. Waliokufa hawakuigizwa, na pembeni wameingizwa waimbaji wapya kabisa: Theresa Ng'ambi, Hanna Tembo, na Sampa the Great, msichana wa rapu ambaye angeweza kuwa mjukuu wa Jagari. Wapo wanaosema hiyo si WITCH tena. Naheshimu wanavyowapenda wale wa zamani, ila mtu aliyezika wenzake wote ana haki ya kuchagua atakaoimba nao.

Sampa alipoanza kwenye "Avalanche of Love", Baba Mkubwa akafungua macho. "Huyu nani tena?"

"Anaitwa Sampa. Kazaliwa Ndola."

"Ndola? Wa kwenye shaba!" Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Basi huyo yuko kwao."

Tuliisikiliza yote. Giza lilishaingia, na taa za wavuvi wa dagaa zilishaanza kutokea majini. Mama Mkubwa alituletea ugali na sato wa kuchemsha akatukuta hatuongei, akadhani tumegombana. Wakati wa kula ndipo maswali yalipomiminika. Jagari alikuwa wapi miaka yote? Nikamwambia aliacha bendi miaka ya 70 akasomea ualimu wa muziki, akafundisha, halafu akaingia kwenye uchimbaji wa vito. Baba Mkubwa akaacha tonge mkononi. Uchimbaji sisi wa Kanda ya Ziwa tunaujua. Kila familia ina mtu aliyekwenda Geita na hakurudi na kitu. Kwamba mtu ametoka kwenye sururu, mikono imeota sugu, akarudi kwenye maikrofoni akiwa mzee na akakubali tusikie uzee wenyewe, hilo lilimgusa kuliko ziara zote za Ulaya nilizomtajia.

"Alikuwa mwalimu kama baba yako," akasema, na kwa mara ya kwanza tuliongea juu ya baba kama mpiga gitaa. Aliniambia jinsi baba alivyokuwa akijaribu kuifuata solo ya Mbewe kwenye gitaa kavu la kanisa, akakata nyuzi, akatafuta za kuazima mpaka Bugando. Aliniambia kwamba mwaka ule wa mwisho, mikono ikiwa imeisha nguvu, baba aliomba santuri ile ipigwe na akawa anaonyesha kwa kidole juu ya blanketi wapi besi inahama. Hayo mama hakuwahi kuniambia. Labda hakuwamo chumbani.

Wiki iliyofuata Baba Mkubwa aliniagiza nimwekee albamu kwenye memori kadi. Nikampelekea karakanani. Alikuwa amefunga redio yake kubwa juu ya kabati la spana, na kuanzia siku hiyo wachuuzi wa dagaa wa mwaloni wa Kirumba wakaanza kuisikia Zambia tangu asubuhi. Kijana mmoja mbeba mizigo akaja kulalamika, akaomba bongo fleva. Baba Mkubwa akazima injini aliyokuwa akiijaribu, akamkalisha juu ya ndoo, akamweleza habari za Kaunda na ile asilimia 95, za Kitwe, za Mbewe, Muma, Mulenga na Sinkala, mmoja mmoja. Yule kijana alikaa mpaka mwisho wa wimbo. Alipoondoka aliuliza jina la bendi, akaliandika kwenye simu yake kwa tahajia anayoijua yeye.

Nami nilipokuwa naaga, Baba Mkubwa alinifuata mpaka barabarani, goti lake likimsumbua kama kawaida.

"Mama, wakija Dar au hata Nairobi, unikatie tiketi."

"Nitakukatia, Baba Mkubwa. Ya viti vya mbele."

"Viti vya nini? WITCH hawasikilizwi kwa kukaa."