Siku moja maishani mwangu: mama na kamera yake ya kwanza

Saa 1 asubuhi. Nachomeka betri mbili kwenye chaji na kufuta lenzi kwa kitambaa laini. Leo nina mwanafunzi mmoja tu, mama mtu mzima anayetaka kuwapiga picha wajukuu wake.

Saa 3. Amekuja na karatasi yenye majina ya kamera tatu, amezipanga kwa wingi wa megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha. Namuuliza, "Mama, picha unayoitamani ni ipi?" Anajibu papo hapo: watoto wakicheza ndani ya nyumba, na hawatulii hata kidogo. Jibu hilo limenisaidia kuliko karatasi yote. Megapikseli 12 zinatosha kuchapa picha safi ya ukubwa wa A4, na kamera zake zote tatu zinavuka hapo. Anachohitaji ni sensa, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kubwa kuliko ya simu, na lenzi inayopitisha mwanga mwingi.

Saa 4 na nusu. Nampa kamera zangu za kufundishia azishike moja moja. Hapa huwa mkali, maana kamera inayouchosha mkono huishia kabatini. Ile kubwa anairudisha upesi. Ile ndogo, vidole vyake vinabonyeza vitufe asivyovikusudia. Ya katikati imemkaa. Namshauri atafute ya aina hiyo iliyokwishatumika, pesa itakayobaki aiweke kwenye lenzi.

Saa 6. Kuweka kadi ya kuhifadhi picha, kuifomati ndani ya kamera, yaani kuifuta na kuiandaa, kuvaa mkanda shingoni. Hayo hayachukui muda.

Saa 8 mchana. Mjukuu wa miaka minne ameletwa, na sasa ndipo kazi ilipo. Anarukaruka karibu na dirisha. Kwa lenzi ya kawaida iliyokuja na kamera, tundu linalopitisha mwanga likiwa f/5.6 na ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, ikiwa 400, shata, pazia linaloruhusu mwanga kuifikia sensa, inafunguka kwa sekunde 1/30. Picha inatoka na ukungu mahali palipopaswa kuwa na uso. Mama anasema mkono wake ndio uliotikisika. Hapana, mama, ukuta umetoka safi. Aliyesogea ni mtoto.

Nabadilisha lenzi, naweka ya milimita 50, tundu f/2. Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa sababu namba ikipungua ndivyo tundu linavyopanuka. Kutoka f/5.6 hadi f/2 mwanga unaongezeka mara nane, kwa hiyo shata inaweza kukimbia hadi 1/250. Mtoto anaruka, mama anabonyeza, na miguu imeganda hewani. Ameitazama picha ile muda mrefu bila kusema neno.

Ila tundu kubwa lina gharama yake: eneo linaloonekana kwa ukali ni jembamba, pua inaweza kuwa safi na macho yakafifia. Tunatumia saa nzima kulenga fokasi kwenye jicho tu. Sikumgusisha kitu kingine. Kitufe kimoja kwa siku, ndivyo ninavyofundisha.

Saa 11 jioni. Namwazima kamera kwa wiki moja. Baada ya hapo nakaa kuhamisha picha za wiki kwenye diski mbili.

Saa 3 usiku. Ujumbe wake unaingia na picha: mjukuu kageuka ghafla, masikio yamefifia, jicho la kushoto kali kabisa. "Mwalimu, nimelipata moja." Namjibu kesho ajaribu f/2.8, aone kama la pili litakuja.