Tafakari ya Wiki: Mpole Aliyepindua Meza

Wapendwa, Bwana asifiwe.

"Heri wenye upole" (Mathayo 5:5). Kwa Kigiriki ni hoi praeis, wingi wa praus. Kivumishi hiki hubadilika kufuata nomino yake, kama sisi tunavyosema mtu mpole, watu wapole: praus kwa jinsia ya kiume, praeia kwa ya kike, prau kwa isiyo ya kiume wala ya kike. Katika Agano Jipya kimo mara nne tu: hapo, Mathayo 11:29, Mathayo 21:5 na 1 Petro 3:4.

Kwa Petro ndipo wengi hujikwaa. Kwa kuwa anawaambia wake walioolewa wawe na roho ya upole na utulivu, hudhaniwa ni upole wa kike, wa kunyamazia hata kipigo. Sarufi inakataa. Umbo alilotumia, praeos, linafuata pneuma, yaani roho, nomino isiyo na jinsia hizo mbili. Praeia haimo kabisa katika Agano Jipya. Tena ni neno lile lile alilojiita Yesu: "mimi ni mpole na mnyenyekevu wa moyo." Anayemfundisha mke kwa aya ya Petro amfundishe na mume kwa aya hiyo.

Sasa soma Mathayo 21 bila kuruka. Aya ya 5 mfalme anaingia Yerusalemu, mpole, amepanda punda. Aya ya 12 anapindua meza za wabadilishaji wa fedha. Ni yeye yule. Hata Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki wa kale, alisema mpole hukasirika, ila kwa jambo linalostahili, kwa mtu anayestahili, kwa kiasi na kwa wakati wake.

Wengine huhubiri kwamba praus ni farasi wa vita aliyefundishwa. Wanazidisha. Ni kweli Xenophon, mwandishi wa Kigiriki wa kale, alilitumia kwa mtoto wa farasi aliyezoea mkono wa mtu, lakini Yesu analichota Zaburi 37:11, na pale wapole ni wanyonge wanaomngojea BWANA huku waovu wakistawi.

Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, inamwita Musa praus sana (Hesabu 12:3), pale Miriamu na Haruni wanapomsema. Hajitetei, na Miriamu anapopigwa ukoma anamlilia Mungu amponye. Lakini mbele ya ndama waliyemwabudu Waisraeli hasira yake iliwaka, akavunja mbao za mawe za Amri (Kutoka 32:19). Wiki hii zisome sura hizo mbili pamoja, na katika kila moja uulize: aliyekosewa hapa ni nani?