Klabu ya Matajiri Niliyoijenga kwa Mlango Mmoja

Nilipomwambia mamangu naandika tamthilia ya klabu, aliuliza, "Klabu ya mnazi?" Nikamweleza ni ya matajiri, wenye gofu na wahudumu wa shati jeupe. Akaguna. "Na wewe huko umeingia lini?"

Sijaingia. Jamaa mmoja mjuaji wa kamera alinishikilia nikodi uwanja wa kweli, eti mtazamaji anataka kuona nyasi. Nikavaa shati la Idi, nikaenda klabu moja kuomba siku mbili tu. Bawabu akanitazama miguuni. Nilikuwa na makubadhi. Ya ngozi, mapya! Akaniambia kwa upole viatu vya wazi haviruhusiwi, kisha akafungua daftari aone kama nina mwenyeji ndani. Nilikaa pale karibu saa nzima nikimwangalia akipitisha huyu, akimrudisha yule. Nyasi sikuziona, lakini tamthilia nilikuwa nimeshaipata: mlango na daftari.

Ami yangu ana nyumba ya kale Kizingo, hapa Mombasa, yenye baraza pana na mlango mzito wa mbao. Tukaazima. Vibali na taa, hayo kila mtu anayajua. Gofu yetu haionekani: mchezaji anapinda kiuno, anapiga, kamera inabaki usoni. Ule mlio ni mimi nyuma ya nguzo, nagonga vifuu viwili vya nazi. Hadi leo watu wananiuliza tulichezea uwanja gani.

Ila ninachojivunia ni ubao wa wadaiwa. Katika klabu nyingi za namna hii mwanachama hatoi pesa mkononi, anatia saini, na bili inamfuata mwisho wa mwezi. Akichelewa sana, jina lake linabandikwa wenzake walisome. Sumu na bastola za nini tena? Mke wa mwenyekiti anapita na kikombe chake, anasoma jina la mumewe, anakirudisha kikombe kwenye kisahani bila kunywa. Kipindi cha nne chote kimekaa hapo.

Kosa letu lilikuwa kupiga onyesho la kilio asubuhi, mezani pana sahani ya mahamri. Kunguru akatua, akabeba moja. Mwigizaji akaendelea kulia. Kunguru akarudi, akabeba la pili, safari hii na mwenzake. Bibi wa watu akamgeukia kunguru, machozi yanamtiririka: "Hata wewe?" Tuliliacha vivyo hivyo. Baadaye nikamkalisha mtoto wa jirani ukutani na manati. Hakurusha hata jiwe. Kunguru wa Mombasa akiona manati tu anahama mtaa. Honi ya feri ya Likoni ndiyo iliyotushinda, ikawa tunasubiri inyamaze.

Kule Marekani, miaka ya 1930, michezo ya redio ya aina hii ilidhaminiwa na watengenezaji wa sabuni, ndipo Waingereza na Wamarekani wakaiita ya sabuni mpaka leo. Basi nami nikamwendea muuza sabuni Marikiti. Alinipa katoni mbili za sabuni ya mche, pesa hakuna. Mashati meupe yalitakata lakini! Kwa jumla zilinitoka elfu thelathini hivi, labda arubaini ukitia na pilau.

Mamangu alitazama kipindi cha kwanza kimya mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Sasa huyo bawabu wenu mbona kavaa makubadhi?"