Nilivyoenda Washington kuangalia nywele za mwaka 1903

Jumatatu saluni huwa tunafunga, kwa hiyo juzi nikadamka nikapanda treni Baltimore hadi Washington, lisaa limoja hivi, kutoka Union Station nikatembea kwa mguu nikapita pembeni ya Capitol, bunge lao, mpaka Library of Congress, ile maktaba yao kubwa ya taifa, jengo la Madison. Kilichonipeleka ni nywele jamani. Mie msusi, na ule mtindo uliotuna kama mto juu ya paji la uso nimeutamani miaka, nikasema lazima nimwone Gibson Girl kwenye karatasi yenyewe.

Yule hakuwa mtu mmoja, ni mchoro. Charles Dana Gibson alianza kumchora miaka ya 1890 kwenye gazeti la Life, shingo ndefu, kiuno cha nyigu, kidevu juu, na wanawake Marekani nzima wakawa wanajifananisha naye.

Kadi ya msomaji bure, kalamu ya wino marufuku, penseli tu. Nilishaomba mapema, wakaniletea mchoro wake The Weaker Sex, yaani jinsia dhaifu, uliotoka gazeti la Collier's 1903: wanawake wanne na kijanaume kidogo kama panzi kimepiga magoti, wanakitazama kwa kioo cha kukuza na kukichokonoa na pini ya kofia. Nikainama kwenye nywele. Mistari mirefu, mkono haukusita, kwenye kivuli wino umejaa na pale mwanga unapopiga kaacha karatasi tupu. Uso ndo karibu hauna kitu kabisa, nyusi, kope, kamstari ka pua basi, na bado mzuri yaani!

Ila ule mtuno kichwani ulikuwa kazi. Wanawake wa enzi zile waliokota nywele zilizobaki kwenye chanuo, wakaziweka kwenye kikopo chenye tundu kifunikoni, zikijaa wanazisokota donge wanalichomeka chini ya nywele za kichwani zitune. Mama yangu za kwenye chanuo alizichoma, asije mtu akazichukua.

Kilichoniuma, michoro yote niliyofunua siku ile sikukuta kichwa hata kimoja cha nywele kama zangu, na Madam C.J. Walker, aliyejenga biashara nzima ya nywele zetu, kazaliwa 1867, mwaka uleule wa Gibson.

Kabla hawajauchukua ule mchoro nikanakili kwa penseli vile vinyweleo vya kisogoni, kimoja kimoja. Jumanne mteja wa kwanza alikuwa bibi harusi, nikamfungia nywele juu, kisogoni nikamwachia vinne vining'inie.